Siri Isiyokuwa Siri

Waingereza wana ustadi mmoja ambao mhakiki mwadilifu hana budi kuutaja kwanza, kabla hajaanza kutoa kasoro: wanajua kutunga njama. Nazungumzia tamthilia zao za televisheni zinazohusu siasa, zile za mfululizo, ambazo kila sehemu huishia mahali pa kumnyima mtazamaji usingizi. Mwaka 1979 walionyesha Tinker Tailor Soldier Spy, kutokana na riwaya ya John le Carré, ambamo Alec Guinness anamsaka msaliti aliyejificha ndani ya idara ya ujasusi. Mwaka 1985 ikaja Edge of Darkness ya Troy Kennedy Martin, kisa cha polisi anayefuatilia kifo cha binti yake mpaka anajikuta katikati ya mambo ya nyuklia. Na Novemba 1990 ikaanza House of Cards, ambamo Ian Richardson aliigiza mwanasiasa mwenye tabasamu na sumu, anayegeuza uso na kumsemesha mtazamaji kana kwamba ni mshirika wake. Ilionyeshwa siku zile zile ambazo Margaret Thatcher alikuwa akiangushwa na watu wa chama chake mwenyewe.

Ukizitazama tamthilia hizi kwa jicho la mwalimu utaona kwamba zote zimejengwa juu ya msingi mmoja, nao ni siri. Yupo mtu anayejua jambo, yupo mwingine anayelitafuta, na katikati yao yupo mtazamaji ambaye taharuki yake ndiyo chakula cha hadithi. Siri ikishafichuka, hadithi imekwisha. Msingi huo ndio ninaotaka kuuhoji katika makala hii, na nitauhoji kwa kutumia tamthilia moja ambayo imetuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko zote nilizozitaja. Inaitwa Black Earth Rising, maana yake udongo mweusi unaoinuka, na inahusu mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 pamoja na yaliyofuata katika Kongo ya mashariki.

Sisi wa Tanzania Bara hatukuwa na televisheni wakati Waingereza wakitazama House of Cards. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970; Bara tulisubiri mpaka mwaka 1994. Nautaja mwaka huo makusudi, kwa kuwa ndio mwaka wenyewe wa maafa ya Rwanda. Huku pwani ya kusini, Kilwa na Lindi, habari zile hatukuziona kwa macho, bali tulizisikia kwa redio: Redio Tanzania na Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Tamthilia niliyoitaja ilitoka miaka ishirini na minne baadaye, nami nimeitazama hapa Kilwa Masoko kwa kompyuta ya mjukuu wangu, sehemu moja kila jioni kwa jioni nane, baada ya sala ya Isha. Umeme ulikatika mara mbili, lakini tulifika mwisho.

Kwanza nieleze kisa. Kate Ashby ni msichana aliyeokolewa akiwa mtoto mdogo katika vurugu za Rwanda, akapelekwa London na kulelewa na mama Mwingereza, Eve Ashby, mwendesha mashtaka katika mahakama za kimataifa. Kate amekua akijijua kuwa ni Mtutsi aliyenusurika. Ana jeraha mwilini na jingine moyoni, na hili la pili halijapona. Mama yake anapokubali kumshtaki jenerali Simon Nyamoya huko The Hague, nyumba inaingia moto. Kwa sheria, jenerali huyo anatuhumiwa kwa makosa aliyoyatenda Kongo. Kwa Kate, ni shujaa aliyepigana kuyazuia yale mauaji ya 1994. Kabla kesi haijasimama vizuri, Eve anauawa. Kuanzia hapo Kate na wakili Mmarekani, Michael Ennis, wanaanza kufukua, na kila wanapofukua wanakuta shimo jingine chini yake: serikali za Ulaya, kampuni, majenerali, mapadri, na hatimaye siri ya Kate mwenyewe.

Sasa utengenezaji wake. Mtunzi ni Hugo Blick, Mwingereza aliyekwisha kutoa The Shadow Line mwaka 2011 na The Honourable Woman mwaka 2014. Kazi hii yenye sehemu nane aliiandika peke yake, akaiongoza peke yake, na bado akajipa nafasi ya kuigiza ndani yake kama wakili wa utetezi. BBC Two waliianza Septemba 2018, na Netflix wakaieneza duniani Januari 2019. Kate ameigizwa na Michaela Coel, mzaliwa wa London mwenye asili ya Ghana; Eve na Harriet Walter; Ennis na John Goodman wa Marekani. Noma Dumezweni, aliyezaliwa Swaziland kwa wazazi wa Afrika Kusini, ndiye Alice Munezero. Sehemu za Afrika zilipigwa picha Ghana.

Yupo mmoja ambaye msomaji wa Tanzania atapenda kumfahamu. Mshauri wa rais, David Runihura, ameigizwa na Lucian Msamati, aliyezaliwa Uingereza kwa wazazi Watanzania na kukulia Zimbabwe. Huko Harare alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kundi la maigizo la Over the Edge, na mwaka 2015 akawa mwigizaji mweusi wa kwanza kuigiza Iago katika Othello ya Royal Shakespeare Company. Mtu aliyeigiza Iago anajua namna ya kuficha kisu ndani ya maneno laini, na katika tamthilia hii Msamati haongei kwa sauti kubwa hata pale anapotisha. Anasimama, anatazama, anangoja. Kwa maoni yangu yeye na Dumezweni ndio walioipa kazi hii uzito wa watu wazima. Wanacheza watu waliokwisha kuyaona mambo, wala si watu wanaoyatafuta. Nitarudi kwenye tofauti hiyo, maana ndiyo kiini cha hoja yangu.

Katika fani yapo mambo mawili ya kusifiwa bila kusita. La kwanza ni namna mauaji yalivyoonyeshwa. Blick hakuwalaza waigizaji chini na kuwapaka rangi nyekundu. Kumbukumbu za mauaji zimechorwa, nyeusi kwa nyeupe, kama mchoro wa mkaa unaotembea. Watu wanageuka vivuli, vivuli vinageuka ardhi. Huo ni uamuzi wa adabu. Yapo mambo ambayo mwigizaji akiyaigiza anawadhalilisha waliokufa kweli, na mtunzi aliyatambua. La pili ni ujasiri wa kuanza kwa kujishtaki. Mapema kabisa Eve yuko mbele ya wanafunzi, na kijana mmoja Mwafrika anasimama na kumhoji: kwa nini mahakama hiyo ya Ulaya inawatafuta Waafrika tu? Nani aliwapa nyinyi kazi ya kutuhukumu? Swali hilo halipati jibu la kuridhisha, na mtunzi analiacha liwake sehemu zote nane.

Hata hivyo, kuuliza swali ni jambo moja na kulitii ni jambo jingine. Tamthilia inayouliza kwa nini hukumu ya Waafrika inatolewa Ulaya, yenyewe imeiweka hadithi ya Waafrika mikononi mwa London, Paris na The Hague. Katika hao waigizaji wakuu niliowataja hakuna Mnyarwanda. Ghana imevishwa nguo ya Rwanda, nchi zenye umbali baina yao kama wa kutoka hapa mpaka karibu na Rasi ya Tumaini Jema. Mtu atasema, hayo ni mambo ya gharama na ruhusa, kila mpiga picha huyakuta. Nakubali. Kasoro ninayoiona mimi haiko kwenye pasi za kusafiria za waigizaji. Iko kwenye umbo lenyewe la hadithi.

Umbo la tamthilia ya njama linadai kwamba ukweli umefichwa. Unakaa kwenye faili, kwenye kaburi, kwenye ulimi wa mtu mmoja anayekaribia kuuawa. Mpelelezi akiupata, basi uovu umeshindwa, au angalau umejulikana. Umbo hili liliwafaa Waingereza katika habari za majasusi na mawaziri wao, kwa sababu huko mambo kweli hufanyika nyuma ya milango. Lakini mauaji ya Rwanda yalifanyika barabarani, mchana, kwa mapanga, baina ya watu waliokuwa wakiazimana chumvi. Maiti zilishuka na mto Kagera mpaka Ziwa Victoria, na wavuvi wa nchi tatu waliziona. Aprili 1994, kwa muda wa kama saa ishirini na nne, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia wilaya yetu ya Ngara. Miongoni mwao walikuwamo waliokimbia kuuawa na waliokimbia kulipa. Kambini watu walijuana. Huyu alijua kwamba yule pale kwenye foleni ya unga ndiye aliyekuwa akisimama kwenye kizuizi na orodha mkononi. Hapakuwa na haja ya mpelelezi kutoka London.

Basi kule kwetu ugumu wa mambo haya si kutojua. Ugumu ni kwamba tunajua, na kesho asubuhi tutakutana kisimani. Tamthilia ya njama haina chombo cha kubebea mzigo huo. Inajua kubeba siri tu.

Tazama mambo ambayo hadithi imeyapita pembeni. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda haikukaa The Hague. Iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Novemba 1994 na makao yake yakawa Arusha, katika jumba la mikutano la kimataifa, mwendo mfupi kutoka soko la nyanya na stendi ya mabasi. Mtanzania mwenzetu, William Sekule, alikuwa mmoja wa majaji wake. Hapo Arusha, Septemba 2, 1998, Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, alitiwa hatiani, na ikawa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kutoa hukumu ya kosa la mauaji ya kimbari. Kabla ya kufungwa mwishoni mwa 2015 mahakama ile ilikuwa imewashtaki watu 93 na kuwahukumu adhabu 62. Wanawake wa vijijini walikuja Arusha wakasimama mbele ya majaji wakasema waliyotendewa. Kama mtunzi alitaka drama ya mahakama, ilikuwapo, na ilikuwa katika ardhi ya Afrika. Lakini drama ile haikuwa ya kufichua. Ilikuwa ya kutamka mbele ya watu jambo ambalo wote waliokuwamo walikwisha kulijua, na kutamka huko kulikuwa kugumu kupita kufichua.

Zaidi ya Arusha zilikuwapo gacaca, mahakama za nyasini, ambazo Rwanda ilizifufua kwa kesi ambazo majaji wa kawaida wasingezimaliza kwa miaka mia. Zilianza kwa majaribio mwaka 2002 zikafungwa Juni 2012, na kesi zilizopita humo zinakaribia milioni mbili. Majaji walikuwa wanakijiji wenyewe. Kulikuwa na mapungufu makubwa, na walioyasema ni wengi: kulikuwa na visasi, hongo, ushahidi wa uongo, na makosa ya upande wa washindi hayakusikilizwa humo. Lakini hebu fikiri, mpenzi msomaji, mandhari ile kama jukwaa. Mtu amesimama kwenye nyasi. Mbele yake ameketi mjane. Wote wawili wanajua alichofanya. Kijiji kizima kinajua. Taharuki ya mandhari hiyo haitokani na swali la nani aliua. Inatokana na swali kama atasema, atasemaje, na akishasema wataishije. Sijaona tamthilia ya Mwingereza iliyojaribu kulisimamisha jambo hilo.

Kwa nini nizungumze haya nikiwa Kilwa, mwisho huu wa pwani, mbali na Kigali? Kwanza kwa sababu tulikuwa nchi moja. Gustav Adolf von Götzen, Mjerumani aliyepita Rwanda mwaka 1894 na kukutana na mfalme Kigeri Rwabugiri, ndiye aliyekuja kuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1901, na ndiye aliyeizima Vita vya Maji Maji iliyoanza katika milima yetu ya Umatumbi Julai 1905. Kilwa, Lindi na Kigali zilikuwa chini ya bendera moja na gavana mmoja. Kuanzia Nandete, walikong'oa pamba, mpaka Songea na kwingineko, waliokufa kwa risasi, na wengi zaidi kwa njaa iliyoletwa kwa kuchomewa mazao, wanakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Sisi pia tunaishi juu ya udongo mweusi.

Pili ni kwa sababu ya Mwembe Kinyonga. Msomaji akifika Kilwa Kivinje ataonyeshwa mahali paitwapo hivyo, pale Wajerumani walipowanyonga watu wetu. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa mwaka 1895, miaka kumi kabla ya Maji Maji, kwa sababu alikataa utawala wao. Naye alihukumiwa. Palikuwa na mashtaka, palikuwa na afisa, palikuwa na karatasi. Ndiyo maana swali la yule kijana mbele ya Eve Ashby halikunishtua. Kivinje limeulizwa kwa zaidi ya miaka mia moja: hukumu inayokuja na meli ni haki au ni nguvu iliyovaa joho?

Lakini swali la kijana yule ndilo jepesi. Gumu niliulizwa darasani, nilipokuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika wilaya hii. Tulikuwa tunafundisha Maji Maji, somo la Historia. Mtoto wa darasa la sita akanyosha mkono. "Mwalimu, wale askari walionyonga watu, wote walikuwa Wajerumani?" Nikamwambia hapana. Maafisa walikuwa Wajerumani, lakini askari walikuwa Waafrika: Wasudani, watu wa kutoka Msumbiji, Wanyamwezi, Wamanyema, na wengine wa pwani hii hii. Darasa likanyamaza. Kisha akauliza tena: "Wajukuu wao wako wapi?" Nikatazama nyuso zilizokuwa mbele yangu. Nilijua, na baadhi ya watoto walijua, kwamba mmoja au wawili walikuwa wameketi kwenye madawati yale. Nikawaambia waende nyumbani wakawaulize babu na bibi zao walikuwa wapi miaka ile, kisha waje waseme wanachoruhusiwa kusema. Walikuja. Wengine walisema mengi, wengine walisema babu amekataa. Hakuna mtoto aliyechekwa. Siku ile nilifahamu kwamba katika miji yetu midogo ukweli haupotei, huwekwa. Unawekwa kama vyombo vya harusi vilivyo juu kabatini, kila mtu anajua vilipo, na huangaliwa sana ni nani atavishusha na kwa siku gani.

Hapo ndipo ninapomlinganisha Blick na mtunzi wetu wa pwani hii ya kusini, Ebrahim Hussein, ambaye tamthilia yake ya Kinjeketile ilitoka mwaka 1969. Tuliisoma chuo cha ualimu tukibishana mpaka taa zinazimwa. Mtazamaji wa Kinjeketile tangu mwanzo anajua kwamba maji hayatazuia risasi. Hakuna siri. Mtunzi ameitupa siri nje ya mlango, na badala yake ametuwekea mtu anayejua, au anayeanza kujua, na hawezi tena kulirudisha neno alilolitoa. Mwishoni Wajerumani wanamtaka aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Kwa mtazamo wa tamthilia ya njama huo ndio ungekuwa ushindi: ukweli umesemwa! Kwa Hussein, kuusema ukweli huo mbele ya yule afisa kungekuwa usaliti, kwa kuwa afisa angeutumia kuzika kila kitu kilichozaliwa pamoja na uongo ule: umoja, na ujasiri wa kukataa. Kinjeketile anakataa kusema. Tulibishana sana kama alifanya sawa, na mpaka leo sijui kama tulimaliza. Lakini angalia mtunzi alivyotupeleka mbali. Ametuonyesha kwamba thamani ya ukweli inategemea unatamkwa na nani, mbele ya nani, kwa ajili ya nani. Hiyo ni dhamira ambayo Black Earth Rising inaizunguka kwa sehemu nane na kuigusa mara moja tu.

Nami nitamtendea haki Blick kwa kuitaja mara hiyo. Ni pale Kate anapogundua kwamba yeye si Mtutsi. Ni Mhutu, na kundi alilookolewa kutoka kwake halikuuawa na wale aliowachukia maisha yake yote. Waliuawa wakimbizi wa Kihutu, huko ng'ambo ya mpaka, na watu wa upande aliouita wake. Jambo hili halikutungwa hewani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010 ilieleza mauaji ya wakimbizi wa Kihutu katika Zaire ya miaka ya 1996 na 1997, na serikali ya Rwanda iliikataa vikali. Kulisimulia kwa mamilioni ya watazamaji, bila kuyapunguza hata chembe mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kulitaka moyo. Na kwa dakika chache, tamthilia inaacha kuwa ya upelelezi. Kate hana tena mtu wa kumsaka. Amebaki na jambo analolijua na dunia ambayo lazima aendelee kuishi ndani yake pamoja nalo. Uso wa Michaela Coel hapo unafanya kazi ambayo maandishi hayakuifanya.

Hapo ndipo hadithi yetu ingeanza. Ya kwao inaishia hapo.

Tena ugunduzi wenyewe una hatari ndani yake. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliwaandikia Wanyarwanda vitambulisho vyenye kabila, na mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilikuwa hukumu ya kifo kwenye vizuizi. Kuifanya kabila ya Kate kuwa ndiyo siri kuu ya hadithi kunaelekea kukubali, pasipo kutaka, kwamba neno lililoandikwa kwenye kile kikaratasi ndilo lililokuwa ukweli wa mtu. Alice wa Dumezweni na Runihura wa Msamati wanaonyesha njia nyingine. Hao wawili wanajuana tangu zamani, wanajua nani alifanya nini, na kila wanapokutana mtazamaji anahisi uzito wa miaka yote iliyokaa baina yao. Kama kamera ingebaki nao, pengine tungepata kazi kubwa kuliko hii tuliyopewa.

Mjukuu wangu hakukubaliana nami. "Babu," aliniambia, "bila yule mama kuuawa na bila siri, nani angekaa saa nane kutazama habari za Rwanda? Hata wewe usingekaa." Ni hoja ya haki, na vijana wa leo ndio wanaojua soko. Majalada ya Arusha yana maelfu ya kurasa na wasomaji wachache. Tamthilia ya njama ni chambo, na chambo kikileta samaki hakidharauliwi. Sisi wavuvi tunajua. Lakini mvuvi anajua vilevile kwamba kila chambo kina samaki wake. Chambo cha siri huleta mtazamaji anayetaka kufumbuliwa, na akishafumbuliwa anazima mashine anakwenda kulala akiwa ameridhika kwamba haki imepatikana. Mtazamaji wa namna hiyo haulizi kwamba Desemba 1996 sisi Watanzania tuliwarudisha wakimbizi wa Rwanda kwao kwa nguvu ya serikali, na haulizi tunalisema vipi hilo mbele ya watoto wetu. Si siri. Lilitangazwa redioni.

Novemba 1, 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea akaomba radhi kwa waliyoyatenda Wajerumani katika Maji Maji. Hakufichua kitu. Kila mzee aliyekuwa pale alikuwa akijua tangu utotoni. Hata hivyo wazee wengine walilia, na waliolia hawakulia kwa sababu wamepata habari mpya. Yule mtu alikuwa ametamka, mahali panapostahili, mbele ya waliostahili kutamkiwa. Mtunzi atakayeweza kuweka dakika hiyo jukwaani, pamoja na maswali yake yote ya kwamba imechelewa na haijalipa kitu, atakuwa amefanya kazi ambayo Waingereza kwa ustadi wao wote wa njama hawajaifanya.

Basi namshauri msomaji aitazame Black Earth Rising. Aitazame kwa ajili ya michoro yake ya mkaa, kwa ajili ya swali la yule kijana, kwa ajili ya Msamati na Dumezweni, na kwa ajili ya uso wa Kate mwishoni. Ila asiichukue kuwa ni kipimo cha namna ya kusimulia misiba yetu. Vijana wanaojifunza kuandika filamu leo, Dar es Salaam, Kigali au hapa Lindi, wasianze na swali la nani alifanya. Waanze na mtu anayejua, jirani anayejua kwamba anajua, na kisima kimoja wanachochota wote wawili.